Msingoje Amri

Maribel alimpa Nsimire Bisimwa ufunguo wa nyumba, orodha ya dawa, na katazo moja. Mzee asishike simu, asitazame habari za Guatemala, na mtu yeyote asimtajie volkano. Moyo wa baba yake, alisema, ulikuwa umebakiwa na nguvu kidogo mno, na habari za ule mlima zingeumaliza.

"Ukisikia ameanza, mgeuzie mazungumzo," Maribel alisema. "Muulize habari za mpira."

Nsimire aliitikia, akanawa mikono, akaanza kazi. Hiyo ilikuwa Januari. Nyumba ilikuwa Sugar Land, nje kidogo ya Houston, Texas, dakika ishirini kutoka Alief anakopanga, ukiwahi kabla barabara haijajaa.

Mzee mwenyewe aliitwa Don Eulalio. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kuinua uso kila atokapo mlangoni, kama anayetafuta kitu kirefu kilichopaswa kuwa pale. Hakukuwa na kitu. Sugar Land ni tambarare kama meza. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtazamaji wa volkano katika kijiji cha El Zapotillo. Asubuhi na jioni aliandika rangi ya moshi, akahesabu miungurumo, akawasomea wataalamu wa mji mkuu kwa redio ya upepo. Mlima ule una jina refu kwenye ramani, lakini wanakijiji walikuwa hawalitumii. Walisema "Yeye" tu. Yeye amekohoa leo. Yeye amelala.

Miaka saba iliyopita Yeye alishuka. Alichukua watu thelathini na wanne wa El Zapotillo, na mmoja wao alikuwa Tránsito, mke wa mzee, mama yake Maribel. Maribel alikuwa Texas tayari. Alipanda ndege, akamkuta baba yake kwenye hema la wahanga, akamchukua. Tangu hapo, ndani ya nyumba ile, jambo hilo halikuzungumzwa.

Nsimire na mzee walielewana kwa Kihispania. Nsimire hakukisomea popote. Alipofika Marekani mara ya kwanza aliishi Vickery Meadow, Dallas, na kila alfajiri alipanda treni hadi uwanja wa ndege, kisha gari la kampuni hadi Euless, kufungasha chakula cha abiria pamoja na wanawake wa Honduras na Guatemala. Kifaransa alichosoma Goma kilimsaidia kidogo. Mengine aliyapata kwenye vichekesho na matusi ya jikoni. Alipohamia Houston na kuomba kazi ya kulea wazee, fomu ya wakala ilimuuliza kama amewahi kumwogesha mgonjwa wa kisukari. Haikumuuliza kama amewahi kukimbia volkano.

Angejibu ndiyo. Alikuwa na miaka tisa Nyiragongo ilipomwaga moto katikati ya Goma, naye akakimbia na sufuria kichwani. Lakini hiyo haikumsumbua kama ile ya mwaka 2021, ambayo hakuiona kwa macho. Alikuwa Vickery Meadow, simu sikioni, na kaka yake Murhula, fundi cherehani, alikuwa Goma, anga nyuma yake nyekundu. Murhula alimwambia wanangoja tangazo. Nsimire alitaka kumwambia toka sasa hivi, lakini mtu aliyekuwa naye chumbani akamnong'oneza asimtie hofu, na yeye akanyamaza. Murhula alitoka amechelewa, kisha akarudi kuchukua cherehani. Hawakumwona tena. Nsimire alikuwa amejisamehe mengi katika maisha yake. Kile kimya hakukisamehe.

Juni ilipoingia, ardhi ya Guatemala ilianza kutetemeka. Nsimire alijua kwa sababu Ofelia, rafiki yake wa Euless, alimtumia kila siku maneno ya ndugu zake walioko huko: leo ukuta wa shule umepasuka, leo tumetikiswa mara kumi na moja kabla ya mchana. Hakusema kitu nyumbani. Mzee naye hakuuliza, ila wiki hiyo alikuwa haketi, anatembea kutoka dirisha hadi dirisha na kiti chake cha magurudumu akikisukuma mbele kama toroli.

Jumanne, saa nne asubuhi, Nsimire alikuwa akimenya ndizi jikoni simu yake ilipolia mlio wa ujumbe. Ilikuwa video. Mlima ulikuwa ukitoa moshi mzito, na chini yake, kwenye kona ya picha, kulikuwa na kanisa dogo lililopakwa rangi ya samawati. Ofelia alikuwa ameandika: *Hapa ni El Zapotillo. Polisi wamepita na kipaza sauti, wanasema jiandaeni, amri ya kuondoka itakuja. Watu hawataki kutoka hata ikija.*

Nsimire aliiangalia mara mbili. Akaangalia kamera ndogo iliyobandikwa juu ya jokofu, ambayo Maribel aliitumia kumchungulia baba yake akiwa kazini. Akakausha mikono, akavuta kiti karibu na mzee, akaiweka simu mezani mbele yake.

"Don Eulalio," alisema, "mlima wenu umeamka. Binti yako amenikataza kukuambia. Mimi nakuambia."

Mzee hakushtuka. Alivaa miwani, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Alitazama video hadi mwisho, akaomba irudiwe, safari hii akafumba macho akasikiliza tu.

"Unasikia?" aliuliza.

"Kama treni."

"Treni isiyofika. Sasa tazama moshi. Saa za mwanzo unapanda juu. Huu hapa haupandi, unaanza kulala. Ana uzito asioweza kuushika." Aligusa upande wa kushoto wa kioo kwa kucha. "Hili korongo limejaa mawe hadi mdomoni. Nilipokuwa pale lilikuwa na kina cha kuuzamisha mnara wa kanisa. Akiteremka leo hatapita korongoni, litafurika. Atapita kijijini."

"Lini?"

"Baada ya saa mbili. Labda nne. Yeye hanipi ratiba." Alivua miwani. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko siku zote ambazo Nsimire alimfahamu. "Nipe simu."

Namba ya Doña Chabela, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, ilikuwa kichwani mwake. Walipiga mara tatu, mtandao ukakataa. Mara ya nne ikaita, na sauti ya mwanamke ikajibu kwa ukali wa mtu aliyesumbuliwa tangu alfajiri.

"Chabela, ni Eulalio."

"Tulisikia umekufa," Chabela alisema.

"Bado. Kwa nini mko hapo?"

"Tuko kwetu. Mwaka juzi walitutoa, tukalala kwenye uwanja wa mpira siku kumi na mbili, na Yeye hakufanya lolote. Tuliporudi mabati yamekwisha, kuku wamekwisha, hata milango. Sasa hivi kila nyumba inasema, tutakwenda amri ikija, na ikija tutaona."

"Kipaza sauti cha kanisa bado kinafanya kazi?"

"Kinafanya." Kilikuwa kile kinachotangaza misa na mazishi, na Jumamosi nani amechinja nguruwe.

"Nenda ukaweke simu yako mbele yake."

Walimsikia Chabela akitembea, mbwa akibweka, mlango wa chuma ukifunguliwa. Hapo hapo kioo cha simu kikawaka jina la Jedidah, mwenye wakala. Nsimire akaikata. Ikaita tena, akaikata tena. Alielewa kwamba Maribel ameona kwenye kamera na tayari yuko njiani, na kwamba kutoka ofisini kwake hadi hapa ni robo saa. Alisimama akafunga mlango wa mbele kwa komeo la ndani. Baadaye watu walimuuliza kama komeo lile lilijifunga kwa bahati mbaya. Hapana. Alilifunga.

Simu ikaanza kukoroma, halafu sauti ya mzee ikawarudia kutoka mbali, kubwa, ikigonga kuta za nyumba za nchi nyingine.

"Watu wa El Zapotillo. Huyu ni Eulalio wa redio. Nimeketi jikoni kwa binti yangu, Texas, nina maji ya kunywa na feni. Hakuna kitakachoniunguza, kwa hiyo mnaweza kusema mzee huyu anaongea kirahisi. Sawa. Semeni mkiwa mnatembea."

Alipumua. Nsimire alimshika kifundo cha mkono akihesabu mapigo, kwa kuwa hiyo pia ilikuwa kazi yake. Yalikuwa yanakwenda mbio.

"Mnangoja amri. Nitawaambia habari ya amri. Miaka saba iliyopita, asubuhi, niliona alivyokuwa anavuta pumzi. Niliita mji mkuu kwa redio. Wakaniambia, endelea kutazama, tutatoa amri ikibidi. Tránsito alikuwa amefunga mzigo. Alikuwa mlangoni na kuku wawili kwenye kapu. Aliniambia, Lalo, twende. Mimi nikamwambia, rudi ndani, amri haijatoka, mtazamaji hawezi kuwa wa kwanza kukimbia, watu watatucheka. Nikapanda kibandani kwangu kuangalia. Akarudi ndani kwa sababu mimi nilimwambia."

Mlango wa mbele ulitikiswa. Ufunguo ulizunguka, komeo likashikilia. "Papá," sauti ya Maribel iliita, kisha kwa Kiingereza: "Fungua mlango. Fungua sasa hivi."

"Amri ilitoka saa tisa," mzee aliendelea. "Yeye alifika saa nane. Sijawahi kumwambia mtu. Nawaambia ninyi leo kwa sababu sina kingine cha kuwapa. Msingoje amri. Nimekaa miaka saba na ile amri."

Maribel alikuwa amezunguka nyumba. Aliingia kwa mlango wa uani, viatu mkononi, kifua kikipanda na kushuka, akanyoosha mkono kuelekea simu. Nsimire akasimama katikati yao. Hakumgusa. Alisimama tu, na alikuwa mwanamke mpana.

"Niondokee," Maribel alisema.

"Akimaliza."

"Utamuua. Unaelewa? Utamuua baba yangu."

"Kuna watu pale wanamsikiliza," Nsimire alisema. "Wewe pia msikilize."

Maribel alikuwa ameanza kusikiliza bila kutaka. Mkono wake ulibaki hewani.

"Chukueni watoto na wazee," mzee alikuwa akisema. "Acheni mahindi. Acheni televisheni. Mtu asibaki kulinda mabati, mabati hayalindiki na hiki kinachokuja. Msipite njia ya daraja, pandeni kwa njia ya makaburi, juu ya kilima cha kahawa. Chabela, tangulia wewe, wakuone. Na anayetaka kunicheka kesho kama Yeye atalala, anipigie simu. Nitacheka naye."

Halafu akaishiwa pumzi. Alijaribu kusema jambo jingine, midomo ikasogea bila sauti. Nsimire akachukua simu kutoka mkononi mwake, na kwa Kihispania chake cha jikoni, ambacho kilipaa hadi juu ya mapaa ya El Zapotillo, akamalizia: "Mmemsikia. Tokeni."

Kisha akapiga namba ya gari la wagonjwa.

*

Don Eulalio alilazwa siku mbili. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda vibaya, wakalishusha. Moyo, daktari alisema, haukuwa na jeraha jipya.

Saa saba na dakika arobaini siku hiyo hiyo, moshi uliokuwa umelala juu ya mlima ule ulianguka wote kwa pamoja. Wingu la moto, majivu na mawe, lilishuka kwenye korongo, likafurika pale mzee alipogusa kwa kucha, likapita El Zapotillo kwa muda usiozidi dakika tatu. Lilichukua daraja, nyumba arobaini na moja na lile kanisa la samawati. Watu mia mbili na kumi walikuwa kwenye kilima cha kahawa, wamejifunika nguo usoni. Ndugu wawili walibaki kulinda nyumba yao. Mmoja alipatikana hai ndani ya tangi la maji. Mwingine hakupatikana. Amri ya kuondoka ilitoka saa nane na robo.

Nsimire aliyasoma hayo yote kwenye ujumbe wa Ofelia akiwa amekaa ofisini kwa Jedidah. Jedidah alikuwa mwanamke wa Nakuru, aliyeuguza wodini miaka kumi na tano kabla ya kufungua wakala wake, na karatasi moja ilikuwa kati yao mezani.

"Nimeku-call mara saba," Jedidah alisema. "Saba, Nsimire. Ukanikatia."

"Ndiyo, Mama Jedidah."

"Umemfungia mteja nje ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hii nchi, unajua hiyo ni nini?"

"Najua."

Jedidah aliisukuma karatasi kwake. Ilisema kwamba mfanyakazi alihatarisha maisha ya mgonjwa kwa uzembe. "Weka sign hapa. Ni kumaliza maneno tu. Nikuambie ukweli, uki-sign nitakutafutia mgonjwa mwingine huko Katy, hata wiki hii. Ukikataa, sina namna. Itabidi nikuachishe, na ripoti itaenda mbele hivyo hivyo, na hakuna wakala mwingine atakushika hapa Houston."

Nsimire aliisoma polepole, kwa kidole. "Bon. Andika kama nimevunja sheria ya ile nyumba. Ile ni kweli, nitaweka sahihi. Andika kama nimefunga komeo. Ile pia. Lakini hili neno uzembe, hapana. Miye sikulala, sikusahau. Nilijua nafanya nini."

"Pressure yake ilifika mia moja tisini."

"Nilikuwa naishika mkononi, Mama. Nilikuwa nahesabu."

"Na angekufa?"

Nsimire alifikiri kidogo, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Angekufa akisema lile neno. Na mia mbili wangekuwa kule juu kwenye kahawa. Wewe ni muuguzi. Niambie ungefanya nini."

Jedidah aliichukua karatasi, akaiweka kwenye faili bila sahihi, akamwomba arudishe kitambulisho cha kazi. Nsimire alikivua shingoni akakiweka mezani, akaaga, akatoka kwenye jua. Alipofika kwenye gari alikaa muda mrefu bila kuwasha. Lakini hakurudi ndani.

Alikaa wiki tatu bila kazi. Wanawake wa kanisani walimshauri aende akaombe radhi, neno dogo tu, litafungua njia. Aliwasikiliza wote kwa adabu akawaambia haendi.

Jumamosi ya wiki ya nne, saa tano asubuhi, mlango wake wa Alief uligongwa. Alikuwa Maribel, hakujipamba, macho mekundu. Nsimire alimkaribisha, akamwekea chai. Maribel hakuigusa.

"Baba amewafukuza wahudumu watatu," alisema. "Wa kwanza, baba alimkatalia kuingia bafuni. Wa pili alimwambia anaogesha kama mtu anayeosha gari. Wa tatu, leo asubuhi, amekataa hata kumwangalia. Anasema atangoja hadi yule mwenye sauti kubwa arudi."

"Anakula?"

"Anakula. Anaongea na Chabela kutwa nzima. Wamempelekea picha za mahali pa kujenga upya, anawapigia kelele kwamba ni karibu mno na korongo." Karibu atabasamu, akajizuia. "Miaka saba nilifikiri mama alikataa kutoka. Nilimkasirikia mama. Kwa nini hakutoka, nilikuwa najiuliza, kila siku, kwa nini alikuwa mkaidi. Na yeye baba alikuwa chumba cha pili, anajua."

"Umemsamehe?"

"Sijui. Siku nyingine namlisha supu na nataka kummwagia." Maribel alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ulinifungia nyumba yangu. Ungeweza kuniachia nizike wazazi wote wawili kwa mlima ule ule."

"Ndiyo. Ingeweza kuwa."

"Na ungefanya tena."

"Kesho asubuhi," Nsimire alisema. Halafu akamsimulia habari za Murhula, na cherehani, na simu ya Vickery Meadow. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote Marekani. Alisema kwa kifupi, bila machozi, kama anayeeleza njia ya kufika mahali, na alipomaliza Maribel aliinua kikombe akanywa chai iliyokwisha kupoa.

"Rudi," Maribel alisema. "Tafadhali. Anakuhitaji, na mimi nimechoka."

"Siwezi kurudi. Malalamiko yako yapo kwa Jedidah, na yameandikwa uzembe."

"Nitampigia simu."

"Simu haikai kwenye faili." Nsimire aliinuka, akaleta daftari na kalamu, akavisogeza mbele ya mgeni wake. "Andika."

Maribel alisita, kisha akaandika. Aliandika kwa Kiingereza, haraka, kwa mwandiko wa mtu wa ofisi, akachana karatasi na kumpa. Nsimire aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilisema kwamba malalamiko yanaondolewa. Ilisema baba yake anaendelea vizuri. Mstari wa mwisho ulisema kwamba Bi Bisimwa alikosea kwa nia njema.

Akaiweka mezani, akaigeuza, akairudisha kwa Maribel.

"Sikukosea," alisema. "Andika upya."

Nje, jirani alikuwa akiosha gari lake na redio ikiimba. Maribel akavuta daftari, akafungua ukurasa mwingine, akaanza tena kutoka juu.